Kupima ugumu wa thairoidi: kwa mkandamizo au kwa mawimbi?

Katika ugonjwa wa Hashimoto, uliofafanuliwa mwaka 1912, chembe za kinga huvamia tezi ya thairoidi iliyo shingoni na hatimaye kuacha makovu, hivyo tezi huelekea kuwa ngumu kuliko kawaida. Ugumu huo ndio unaopimwa na elastografia ya altrasaundi.

Katika njia ya mkandamizo, mpimaji hubonyeza shingo taratibu na mashine huonyesha kwa rangi palipo laini na palipo pagumu. Njia hii hufaa zaidi kwa kinundu, chenye tishu ya kawaida kando yake ya kulinganishia. Ugonjwa ukienea tezi nzima, mpimaji hulazimika kulinganisha na msuli wa shingo. Katika njia ya mawimbi, mashine yenyewe husukuma tishu, hufuatilia kasi ya mawimbi yanayosambaa kiubavu, kisha hutoa tarakimu za mita kwa sekunde au kilopaskali. Kwa Hashimoto ningechagua hii, mradi probu, yaani kifaa cha altrasaundi kinachowekwa shingoni, iguse ngozi kwa wepesi, maana kuikandamiza hupandisha tarakimu kwa uongo. Hata hivyo, vipimo vya Hashimoto na vya Graves, ugonjwa mwingine wa kinga unaoifanya thairoidi itoe homoni kupita kiasi, huingiliana, kwa hiyo njia zote mbili haziondoi haja ya kupima TSH (homoni inayoichochea thairoidi) na kingamwili katika damu.