Huduma ya kupima nyuzi za seramiki: vipimo safi, modeli ya haraka

Nilipeleka fungu la nyuzi za silikoni kabidi, zenye kipenyo cha takriban mikromita 14, kwa maabara moja inayopima nguvu ya uzi mmoja mmoja na kuandaa ripoti ya takwimu. Nilitaka kujua nguvu ya uzi wa milimita 25 hupungua kiasi gani urefu ukifika milimita 250, kwa kuwa uzi mrefu una nafasi kubwa zaidi ya kubeba dosari kubwa, na dosari moja tu yatosha kuukata.

Kazi ya mikono siilaumu hata kidogo. Kila uzi uligundishwa juu ya fremu ya karatasi, fremu ikabanwa kwenye mashine, kisha kingo zake mbili zikakatwa kwa mkasi ili mzigo ubebwe na uzi peke yake. Kipenyo cha kila uzi kilipimwa kwa hadubini ya elektroni badala ya kutumia wastani wa fungu zima, na hilo si jambo dogo: ukisoma mikromita 14 palipo na 13, mkazo unaoukokotoa (mzigo ukigawanywa kwa eneo la mkato wa uzi) unapungua kwa asilimia 14 hivi. Hata nyuzi zilizokatika wakati wa kugundishwa ziliorodheshwa, maana zikisahauliwa, zinazobaki ni zile imara tu.

Walakini umo katika modeli. Walitumia mgawanyo wa kitakwimu wa Weibull, Mswidi aliyechapisha nadharia yake mwaka 1939, wakapata kipeo (namba inayoonyesha nguvu za nyuzi zinavyotawanyika: kikiwa kidogo, zinatofautiana zaidi, na nguvu inatabiriwa kushuka haraka zaidi urefu ukiongezeka) cha 5 kutokana na nyuzi 30 za urefu mmoja, kisha wakatabiri kwamba kwenye milimita 250 itabaki asilimia 63 ya nguvu. Hesabu ni sahihi, ila inachukulia kwamba nyuzi zote zina dosari za aina moja, ilhali nyuzi za fungu moja hutofautiana, na tofauti hiyo hushusha kipeo bila urefu kuhusika. Ndiyo sababu watafiti Watson na Smith, mwaka 1985, waliweka kipeo cha pili kwenye urefu, ili athari ya urefu ikokotolewe kando na mtawanyiko. Nilipolipia vipimo vya milimita 100 (kwa bei kamili, bila punguzo), nguvu haikushuka kiasi ripoti ilivyotabiri. Isitoshe, kipeo kilichotokana na nyuzi 30 kiliandikwa bila mipaka yoyote ya uhakika, yaani bila kuonyesha kinaweza kuwa kati ya namba ipi na ipi.

Nitarudi kwao kwa ajili ya vipimo. Safari hiyo nitaagiza urefu wa aina tatu tangu mwanzo, nichukue jedwali ghafi la kila uzi, na modeli nitaitengeneza mwenyewe.