NXF1 au CRM1: RNA ya virusi hutokaje kwenye kiini cha seli?

Seli ya binadamu kwa kawaida huizuia ndani ya kiini RNA ambayo bado ina introni, yaani vipande vinavyopaswa kukatwa kabla RNA haijatumika. Retrovirusi (virusi vya RNA vinavyojinakili kuwa DNA, kama VVU) haviwezi kuishi na kizuizi hicho, kwani sehemu ya RNA yao lazima itoke nzima ili iwe jenomu ya virusi vipya.

VVU hutumia CRM1, protini ya jeni ya XPO1 inayosafirisha mizigo kutoka kwenye kiini. CRM1 haiishiki RNA hiyo moja kwa moja. Virusi hutengeneza kiunganishi chao, Rev: molekuli kadhaa hujipanga juu ya kipande cha RNA kiitwacho RRE, kisha huiita CRM1 pamoja na Ran-GTP, protini ndogo inayosaidia usafirishaji huo. Kwa kuwa Rev hutokana na RNA iliyokwisha kukatwa introni, protini za muundo wa virusi, zinazotokana na RNA yenye introni, huchelewa hadi Rev itoshe. Kwangu, ucheleweshaji huu ndio ubora mkubwa wa njia hii: virusi hupata saa yao wenyewe.

Virusi vya nyani vya Mason-Pfizer havina Rev. RNA yao ina kipande cha CTE kinachoshikwa moja kwa moja na NXF1, msafirishaji mkuu wa mRNA (RNA zinazobeba maagizo ya protini) za seli yenyewe. Ni njia nyepesi zaidi, ila haina swichi ya virusi vyenyewe.

Kemikali ya leptomycin B huifunga CRM1 na kukwamisha Rev, huku CTE ikiendelea kufanya kazi. Tena, VVU vilivyonyimwa Rev na kupewa CTE viliweza kuzaliana maabara.