Sindano za mianzi za kufungua ncha: nimesafiri nazo kutoka Dar hadi London

Kwa mtu anayefuma, safari ndefu ya ndege ni neema. Hakuna jiko, hakuna simu, hakuna anayebisha hodi. Tabu ni sindano. Zile ndefu za aluminiamu tunazonunua Kariakoo hazifai kwenye kiti cha ndege: ukipanua mkono kidogo unamchoma jirani, na moja ikikuponyoka inabingirika hadi safu ya mbele, uanze kuitafuta kati ya miguu ya watu. Kwa hiyo nilipojua naenda London kumlea binti yangu aliyekaribia kujifungua, niliagiza mtandaoni seti ya mianzi yenye ncha za kufungua. Chapa siitaji, maana ziko kadhaa na umbo lao ni lilelile.

Ziko hivi. Ncha mbili fupi, kama sentimita 13 kila moja, zinafungwa kwa skrubu kwenye kamba laini ya plastiki. Unafuma mstari, unageuza, unarudi kama kawaida, ila uzito wote wa kazi unalala mapajani badala ya kuning'inia kwenye viganja. Seti yangu ina ncha za kuanzia milimita 3.5 hadi 8, kamba za urefu tofauti, kipini cha kukazia skrubu, na vifuniko vidogo vya kuzibia ncha za kamba. Vifuniko hivyo nilipovitoa kwenye kimkoba niliviona kama mapambo tu.

Kuhusu sheria, Uingereza inaruhusu sindano za kufumia kwenye begi la mkononi, pamoja na mkasi wenye makali yasiyozidi sentimita 6. Marekani nayo inaruhusu sindano, na mkasi usiozidi inchi 4 kuanzia kwenye msumari wake. Vile vikataji uzi vya kuvaa shingoni, vyenye wembe wa mviringo ndani, Marekani hawavitaki kabisa ndani ya kabini. Lakini kote kuwili neno la mwisho ni la mkaguzi aliye mbele yako, na uwanja unaobadilishia ndege una taratibu zake.

Dar nilipita bila swali. Nilipobadilisha ndege (uwanja siutaji), begi likarudishwa kwenye mashine. Afisa akaitoa shali ya mtoto, akazigusa ncha kwa kidole gumba, akamwita mwenzake. Wakashauriana. Hazipiti.

Nikaomba dakika moja. Nikatoa kipini, nikafungua ncha ya kwanza na kuziba kwa kifuniko, kisha ya pili vivyo hivyo. Nikamkabidhi vijiti viwili vya mianzi. Shali ikabaki yangu, na zaidi ya mishono mia mbili ikiwa imetulia kwenye kamba. Kwa sindano za kawaida ingebidi niiache kazi pale au nichomoe na kuitazama ikifumuka. Yule afisa mwenyewe alicheka alipoelewa ninachofanya. Ncha zangu hakurudisha, lakini alicheka.

Ncha nyingine zilikuwa kwenye sanduku kubwa, na hapo ndipo nawashauri mtenganishe: panda na saizi moja tu unayoitumia. London nilinunua jozi nyingine ya milimita 4. Angalieni mambo mawili. Kwanza, skrubu za chapa tofauti aghalabu haziingiliani, kwa hiyo nendeni dukani na kamba yenu mkajaribishe. Pili, fuateni milimita, namba achaneni nazo. Sindano ya milimita 4 ni namba 8 kwa vipimo vya zamani vya Uingereza, lakini ni namba 6 kwa Wamarekani. Na namba 8 ya Wamarekani ni milimita 5. Ukichanganya, sweta ya mtoto inamtosha baba yake.

Kasoro? Skrubu hulegea. Kila baada ya mistari kadhaa naikaza upya, la sivyo uzi unanasa pale ncha inapokutana na kamba, hasa uzi mwembamba. Kipini ni kidogo mno na kikipotea umekwisha, ndiyo maana changu nimekifunga kwenye zipu ya kimkoba. Mianzi pia haitelezi kama chuma, hivyo anayefuma kwa kasi atajiona anacheleweshwa. Mimi napenda hivyo, kwa kuwa ndege ikitikisika mishono haichoropoki. Na bei inauma, hilo sifichi.

Nazipa nyota nne kati ya tano. Kama unafuma kwa kroshia usiingie gharama hii: sindano moja ya plastiki inakutosha, na wakikunyang'anya, kitanzi ni kimoja tu, kishike kwa pini ya mtoto hadi ufike.