Nimelipia barua za Profesa Child, nikaletewa kidole

Mniwie radhi mapema, nina hasira. Niliagiza kitabu kupitia duka moja la mtandaoni la hapa Dar linalochukua oda za vitabu vya nje. Jina silitaji. Ilikuwa kipindi kile mvua za vuli zinaanza. Hela yote nilituma kwa simu siku hiyohiyo, kisha nikasubiri wiki nyingi kuliko nilizoahidiwa. Kwa kusubiri sikulalamika. Bodaboda alipofika nilimpokea kama mgeni wa heshima, chai nikampa.

Kitabu chenyewe ni barua za uzeeni za Francis James Child, yule profesa wa Harvard, alizomwandikia binti mmoja rafiki yake. Kilitoka Boston mwaka 1920. Nilicholetewa ni chapa mpya, iliyotengenezwa kwa kupiga picha kurasa za kile cha zamani. Jalada zuri, karatasi nyeupe, nikafurahi. Nikafika ukurasa wa thelathini na kitu, nikakuta kidole. Kidole cha mtu kabisa, kimevaa kile kipira cha kufunulia karatasi, vipele vyake unaweza kuvihesabu, kimelala juu ya mistari mitano ya barua. Aliyepiga picha hakuangalia. Aliyechapa hakuangalia. Aliyeuza hakuangalia.

Mbele kidogo kurasa mbili zimejirudia, na zile zilizotakiwa kuwa mahali pake hazimo. Barua inakatika katikati ya sentensi, inayofuata ni ya tarehe nyingine kabisa.

Nikampigia kijana wa duka.

"Mama, si kitabu cha zamani hicho? Ndivyo vilivyo. Kidole kimoja tu, mengine si yanasomeka?"

"Mwanangu, kurasa mbili hazipo."

"Sasa mama, kwani nani mwingine atakisoma?"

Simu ikakatika. Labda alikata, labda ni mtandao, sijui. Nilipopiga tena haikupokelewa.

Nani mwingine atakisoma! Usiku ule sikulala vizuri. Mimi ni mwalimu wa fasihi, nimeyasikia maneno hayo kwa sura nyingi, lakini kuyasikia juu ya Child kumeniuma kuliko kawaida. Maana huyu ni mtu aliyemaliza umri wake akihangaikia mistari iliyopotea.

Baba yake alikuwa mshona matanga bandarini Boston. Child akazaliwa 1825, akamaliza Harvard 1846 akiwa wa kwanza darasani, akaenda kusoma Ujerumani. Aliporudi 1851 Harvard wakampa uprofesa wa balagha, yaani ufundi wa kusema na kuandika, na kwa miaka 25 mzigo wake mkubwa ukawa kusahihisha insha za wanafunzi. Mwalimu yeyote anayesoma hapa anajua uchovu huo. Chuo kipya cha Johns Hopkins kilipoanza kumnyemelea ndipo Harvard wakashtuka, wakamtua mzigo na kumfanya profesa wao wa kwanza wa Kiingereza, 1876. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Kazi tunayomkumbukia hasa ilitoka baada ya hapo: nyimbo za hadithi za Uingereza na Uskoti, 305, kila moja na namba yake, na kila nakala aliyoipata ya wimbo uleule ikawekwa peke yake bila kuchanganywa na nyingine. Zilitoka kwa mafungu kumi, kuanzia 1882 hadi 1898. Mpaka leo waimbaji wa nyimbo hizo wanazitaja kwa namba zake. "Barbara Allen" ni 84.

Kazi hiyo aliifanya kwa barua. Hapo ndipo hasira yangu inapopata haki yake. Tangu 1872 aliandikiana na Svend Grundtvig, msomi wa nyimbo za aina hii wa Denmark, wakijadiliana nyimbo zipangwe vipi, ipi ni ya kale na ipi imevurugwa na wahariri. Edinburgh alikuwepo William Macmath, karani wa ofisi ya mawakili, aliyetumia saa zake za mapumziko kumtafutia nakala za mkono na kumnakilia. Mtu anavuka bahari kwa kalamu ili ajue kama neno moja limenakiliwa sawasawa, na wewe unaniambia kidole kimoja tu?

Tena kuna ile hati ya Askofu Percy wa Uingereza, kitabu cha zamani cha nyimbo kilichoandikwa kwa mkono. Percy aliikuta nyumbani kwa rafiki yake huko Shifnal, wajakazi wanachana kurasa zake kuwashia moto. Akaiokoa. Kisha akampelekea fundi wa kujalidi, naye akakata kingo za juu na chini hadi mistari ikaondoka. Percy mwenyewe alipochapisha nyimbo za humo akazitengeneza apendavyo, na hati akaificha wasomi wasiione. Child ndiye aliyemsukuma msomi mwenzake Furnivall kule London bila kuchoka hadi hati ikachapwa jinsi ilivyo, 1867 na 1868. Alitaka hata pengo lionekane kuwa ni pengo.

Halafu akafa, 1896, kabla ya kuandika utangulizi. Watu walikuwa wakiusubiri huo utangulizi, ambamo angeeleza kwa kirefu wimbo wa aina hii ni nini na yeye aliupimaje. Mwanafunzi wake Kittredge akamalizia kutoa fungu la mwisho, lakini utangulizi ule haukuwepo wa kuutoa. Kwa hiyo ukitaka kumsikia Child mwenyewe akizungumza, unarudi kwenye barua. Ukipoteza kurasa mbili za barua za mtu kama huyu, umepoteza sauti.

Basi msinunue. Hivyo ndivyo nilivyotaka kuandika, niishie hapo.

Lakini lazima niseme kweli. Siku chache baadaye nilikitafuta kitabu kilekile kwenye maktaba za bure za intaneti, nikapata picha safi za kile cha 1920. Nikafungua ukurasa wa kidole. Chini ya kidole kulikuwa na waridi. Child alikuwa na bustani ya waridi nyumbani kwake Mtaa wa Kirkland, Cambridge ya Marekani, na kwenye barua hizi anazitaja kama mtu anavyotaja watoto wake. Nilisoma mistari ile mitano machozi yakinilenga. Nikachukua karatasi na kalamu ya wino nikainakili, nikanakili na kurasa mbili zilizokosekana, nikazibandika mahali pake. Nilipomaliza kitabu kilikuwa changu kuliko kitabu chochote kabatini.

Kijana amenitumia ujumbe wiki hii: nirudishe kitabu, atanirudishia nusu ya hela. Sirudishi. Kwa hiyo nikaja hapa kumpa nyota tatu, maana bila yeye nisingekishika mkononi, na ujumbe wake wa mwisho ulikuwa wa adabu, aliniamkia.

Sasa hivi, kabla ya kutuma haya, nimekifungua nyuma. Ukurasa wa mwisho wa barua umekatwa chini. Mstari mmoja na nusu haumo, herufi zimebaki vichwa tu. Nyota moja.