Kobe wa botini: mwaka na nusu na kisoma-vitabu, Lamu

Siku za shule navuka kwa boti kutoka Amu, mji wetu wa kisiwani Lamu, kwenda Mokowe upande wa bara. Bahari ikiwa shwari ni nusu saa hivi. Kusi ikichafuka ni zaidi, na unashuka na chumvi kwenye kope. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, siku tano. Saa tano kwa wiki ambazo kwa miaka nilizimaliza kwa kutazama viatu vya abiria wenzangu. Kitabu cha karatasi nilikijaribu: upepo unafunua kurasa kabla yako, na wimbi moja likirusha maji ubavuni, kitabu kinavimba hakifungiki tena. Simu nayo, jua likishapanda, kioo kinageuka cheusi na unachokisoma ni uso wako mwenyewe.

Ndipo nikanunua kisoma-vitabu, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki. Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Mwalimu, ninunue Kindle ipi?" mimi humuuliza kwanza, utasomea wapi?

Kwetu kila kisoma-vitabu ni Kindle, kama vile kila dawa ya meno ni Colgate. Nilicho nacho mimi ni Kobo Clara BW, toleo la 2024, kioo cha inchi 6, gramu 174, nyepesi kuliko simu nyingi. Nahodha wetu alipolisikia jina akacheka, "Kobe?" Basi ikawa kobe. Botini wananiuliza, "Leo kobe kafika ukurasa gani?" Wala hawakukosea. Ukikigusa kugeuza ukurasa kinasita kidogo, na mara moja moja kioo kizima kinapepesa cheusi ndipo maandishi yatulie. Aliyezoea simu anadhani kimeharibika. Hakijaharibika, ndiyo tabia ya vioo hivi.

Kabla ya kobe nilitupa elfu sita baharini, na mimi mwenyewe ndiye niliyezitupa. Niliona tangazo la kisoma-vitabu kilichotumika, bei nzuri, picha nzuri, muuzaji ana maneno ya asali. Kilifika kwa basi hadi Mokowe kimefungwa vizuri kwenye gazeti. Kuwasha kinawaka. Kuingia, kinataka nywila ya akaunti ya mwenyewe wa kwanza, mtu nisiyemjua hata kwa jina. Nikampigia muuzaji, akasema atanitumia. Nikampigia tena, simu inaita tu. Nilikitumia hivyo hivyo miezi miwili kwa vitabu vilivyokuwemo ndani, hadithi za mapenzi za Kiingereza ambazo sikuzichagua (mbili nilizimaliza, sitasema uongo), mpaka chumvi ikala tundu la chaji. Basi ukinunua mitumba, usitoe pesa kabla hujaona kimetolewa kwenye akaunti ya mwenyewe na kimeingia kwenye yako, hapo hapo, mbele ya macho yako. Kobe nilimwagiza kwa binamu yangu aliye Uingereza, akaja naye likizo. Bei iliyotangazwa kilipotoka ilikuwa dola 129.99, kama shilingi elfu kumi na saba za siku zile. Ni pesa.

Sasa jua. Kioo cha simu kina taa nyuma yake inayokuangazia machoni, na taa hiyo ikikutana na jua la saa saba inashindwa. Kioo cha visoma-vitabu hakishindani na jua. Ndani yake mna vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, vimejaa chembe nyeusi na nyeupe zenye chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukipita, nyeusi zinapanda hapa, nyeupe pale, na herufi inatokea. Kisha zinakaa. Hazihitaji umeme tena mpaka ugeuze ukurasa. Ndiyo sababu chaji moja inanichukua wiki kadhaa. Na kwa kuwa unachokiona ni mwanga wa nje unaorudishwa na chembe hizo, jua likizidi maandishi yanazidi kung'aa, kama karatasi. Kwa mji ambao stima inaweza kwenda isirudi mpaka alasiri, hilo halihitaji kuhubiriwa. Usiku kuna taa ndogo za pembeni zinazomwaga mwanga juu ya ukurasa badala ya kuurusha machoni, na rangi yake unaweza kuigeuza ikawa ya manjano kama ya kandili. Nasoma ndani ya chandarua, mume wangu anakoroma, hajui kama niko macho.

La maji ndilo lililoniamulia. Clara BW ina kinga ya kiwango cha IPX8: ndani ya maji mita mbili, dakika sitini. Kindle Paperwhite nayo ina IPX8. Kindle ya kawaida, ile ya bei ya chini, haina. Na taa yake haigeuki manjano. Kwa mtu anayesomea kitandani Nairobi, Kindle ya kawaida inamtosha na pesa inabaki. Kwa mtu wa boti ni kununua mara mbili. Ila kinga hiyo hupimwa kwa maji baridi, si maji ya chumvi, kwa hiyo kobe akirushiwa bahari nikifika nyumbani namwaga kikombe cha maji ya kunywa juu yake, namfuta, namwacha akauke siku nzima kabla ya kumchomeka chaji. Kilichokula kile cha kwanza ni haraka yangu ya kuchaji tundu likiwa na unyevu. Tundu la kobe ni la USB-C, waya ule ule wa simu yangu. Unaweza kuona ni jambo dogo. Subiri usahau waya wa aina ya zamani Mokowe siku ya Ijumaa.

Kuna na visoma-vitabu vya rangi siku hizi, Clara Colour kwa mfano. Nilikishika cha mgeni mmoja Shela, kijiji cha ufukweni jirani yetu. Majalada yanapendeza, lakini karatasi yake inaonekana ya kijivu zaidi, na mimi nasoma maneno.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nikisoma maoni ya watu wa ng'ambo silioni, maana wao haliwahusu: Kiswahili.

Ukifungua duka la vitabu la kisoma-vitabu chochote, Kiswahili ni kama kuokota kauri Shela baada ya watalii kupita. Viko, lakini utainama sana. Anayenunua kifaa akitarajia duka limlishe riwaya za Kiswahili kila mwezi atakaa na njaa. Mwalimu wa Kiswahili hana budi kukilisha mwenyewe: tungo alizopiga chapa, miswada ya marafiki, vitabu vya watoto vinavyotolewa bure mtandaoni kama vya African Storybook. Hapo ndipo nilipomwacha Kindle, si kwa ubaya wake. Kobo ukiichomeka kwenye kompyuta inafunguka kama flashi. Unabandika faili la EPUB, yaani la kitabu cha kielektroniki, unachomoa, unasoma. Hakuna mtandao, hakuna kuomba ruhusa. Kindle nayo tangu 2022 inapokea EPUB kwa kutumiwa kupitia mtandao, na inafanya kazi. Lakini Februari 26, 2025 Amazon, wenye Kindle, iliondoa njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Mtu mwenye intaneti ya uhakika huenda hata hakuona. Mimi nataka kitabu nilichokilipia niweze kukishika mkononi hata siku mtandao umelala.

Kwa haki ya Kindle: anayesoma zaidi Kiingereza atapata duka pana, na kadi ya M-Pesa GlobalPay iliyokuja 2022 imeondoa kile kisingizio cha "sina kadi ya benki". Wenzangu wawili wa shule wanazo Paperwhite na hawabadilishi.

Kamusi? Kugusa neno ukaletewa maana yake ni raha kubwa ukisoma Kiingereza. Kwa Kiswahili sikukuta kamusi ndani. Na hata ingekuwapo, fikiria: unagusa "hawakumsimulia". Kamusi ya vitabu inakwenda kulitafuta kwenye H, halipo. Inabidi kwanza ijue kuvua "hawa", "ku" na "m" mpaka ifike "simulia", na ikiwezekana "simu" ya mezani isijitokeze ikadai neno ni lake. Kifaa hakijui. Kwa hiyo kamusi yangu bado ni ile nene iliyo kidakani, ambayo mchwa walianza na herufi A.

Pia maneno yetu marefu yanakipa taabu. Mpangilio wa kawaida unanyoosha kingo zote mbili, kushoto na kulia. Ukikuza herufi, mstari unabeba maneno matatu, "wanaotuhangaikia" halikuingia likasukumwa chini, na yaliyobaki yanatawanywa mpaka katikati pana mwanya wa kupitisha punda. Faili likiwa limeandikwa kwamba ni la Kiingereza, kinakatakata maneno kwa kanuni za Kiingereza, kikaacha herufi mwishoni mwa mstari zisizotamkika. Nilichofanya: kunyoosha kushoto pekee, kupunguza pambizo, na kwenye programu ya Calibre, ambayo ni ya bure, kusahihisha lugha ya kitabu kabla ya kukipakia. Dakika mbili kwa kila kitabu. Inachosha, lakini ukizoea ni kama kuchambua mchele.

Na hapo ndipo Mama alipoingia.

Mama yangu alikuwa msomaji. Siku hizi akishika kitabu anakisogeza mbali, anakivuta karibu, kisha anakirudisha. "Mato yangu hayaoni nazi, sembuse hurufu." Bibi alituachia daftari la tenzi alizozinukuu kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, na kurasa zake zimeanza kuliwa na ukungu kwenye pembe. Likizo ya Desemba nilikaa nalo. Mama anasoma kwa kukumbuka zaidi ya kuona, mimi napiga chapa kwa herufi za Kirumi. Beti mia na ushei. Nikalifanya EPUB, nikalitia kwa kobe, nikakuza herufi mpaka mwisho anaoweza kuusoma bila miwani, nikampelekea pale kiwandani, uani kwetu, alipokaa.

Jambo moja la bahati: kipande cha utenzi ni mizani nane. Hata kwa herufi kubwa namna ile kinaingia kwenye mstari mmoja, hakivunjiki. Shairi lenye mshororo wa mizani kumi na sita linakatika, kina cha kati kinaning'inia peke yake na macho yanapotea. Lakini utenzi ulikaa kama umetengenezewa kioo kile. Mama akasoma ubeti wa kwanza kimya. Wa pili akautoa sauti. Alipofika wa nne akaanza kuughani kwa mahadhi aliyoghania Bibi, kidole kinagusa pembeni kugeuza ukurasa kabla hajafundishwa. Kisha akasimama akanitazama. "Hapa umekosea. Si 'pindo', ni 'pinda'." Nilikuwa nimekosea kweli.

Malalamiko sasa, maana yapo. Inchi 6 haifai kwa PDF. Miswada ya Kiswahili ya herufi za Kiarabu ambayo SOAS, chuo kikuu cha London, imeiweka mtandaoni ni picha za kurasa nzima, na kwa kobe zinakuwa ndogo kama mbegu za ufuta. Kuzikuza na kuzisogezasogeza kwa kioo cha mwendo wa kobe ni adhabu. Hizo nazisoma kwenye kompyuta. Mwenye kazi ya PDF kila siku atafute kifaa cha inchi 10, au tabuleti ya kawaida, na asidanganywe na uzuri wa bei ya vidogo.

Linaloniuma zaidi ni kuazimana. Katika mtaa wetu kitabu hakikai nyumba moja. Kinaondoka kwangu kinapita kwa jirani, kwa wifi yake, kwa mwalimu wa madrasa, kinarudi baada ya mwaka kikinuka udi na jalada limetiwa gundi. Cha kobe siwezi kuazima bila kumwazima kobe mzima. Nilijaribu: mwenzangu alikaa naye siku nne, akamaliza riwaya, akanirudishia akiwa ameifuta alama yangu ya ukurasa na kununa kwa sababu nilikuwa nakiulizia. Sasa kitabu nikikipenda sana natafuta na nakala ya karatasi, iwe ya kuzunguka.

Je, ningekinunua tena? Ndiyo, hicho hicho, pamoja na kifuniko chenye ukingo mgumu, kwa sababu kinga ya maji haizuii kioo kuvunjika mfuko ukikaliwa na abiria. Nimeona kioo cha mwenzetu kilichokaliwa. Nusu ya ukurasa ilibaki imeganda kwenye sentensi moja, na kubadilisha kioo kunakaribia bei ya kununua kipya.

Wiki hii lakini nimerudi kutazama viatu. Kobe yuko kwa Mama tangu Jumapili. Anasema hajamaliza kunikosoa.