Mafunzo ya upangaji wa maji ya ardhini, Katuba: yanafaa, ila saa zibadilishwe
Mafunzo haya kwa wakaaji wa Katuba, hapa Lubumbashi, nayasifu kwa moyo wote. Walimu hawakuanza na hotuba: waliteremsha kamba yenye kizito katika kisima cha jirani, wakatuonyesha jinsi ya kupima kina cha maji na kukiandika kila mwezi, kiangazi na masika, ili tunapoketi na wakubwa wa mji tuwe na tarakimu zetu wenyewe. Walitufafanulia pia sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 na kifungu cha 48 cha Katiba, kinachohakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Kasoro ni saa: asubuhi akina mama, wachotaji wakuu, wako sokoni. Tunaomba vikao vihamishiwe Jumapili alasiri.