YunoHost kwenye kompyuta kuukuu ya nyumbani, Kirumba

Mama yangu anauza dagaa mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, na hesabu zake za magunia na madeni zilikuwa kwenye madaftari yaliyolowa kila masika. Niliamua kuyapiga picha na kuyahifadhi kwenye seva yetu wenyewe, yaani kompyuta inayowaka muda wote na kufikika kupitia intaneti, ili mdogo wangu aliyeko Nansio, Ukerewe, aweze kuyasoma bila kusubiri nimtumie. Kwa kazi hiyo nilichagua YunoHost, mfumo huria na wa bure uliojengwa juu ya Debian (mfumo endeshi wa familia ya Linux), ambao humwezesha mtu asiye mtaalamu kuendesha seva kwa kubofya kurasa za kivinjari badala ya kuandika amri.

Kuusakinisha hakukunisumbua sana. Nilipakua faili la mfumo, nikaliandika kwenye flashi, nikabadilisha mpangilio wa kuwaka ili kompyuta mpakato ya zamani ianze na flashi kabla ya diski, na baada ya hapo maswali yalikuwa machache. Anwani ya yunohost.local, ambayo ndiyo ya kuifikia seva ukiwa nyumbani, ilipokataa kufunguka kwenye simu yangu, nilisoma namba ya seva katika ukurasa wa ruta nikaitumia hiyo. Onyo la kivinjari kuhusu cheti cha usalama kisichoaminika lisikutishe siku ya kwanza, kwa kuwa seva huanza na cheti ilichojitengenezea yenyewe.

Tatizo kubwa lilikuja kwenye domeni, yaani jina la seva kwenye intaneti. YunoHost hutoa jina la bure chini ya noho.st, nohost.me au ynh.fr, na huliambatanisha lenyewe na anwani ya intaneti yako hata anwani hiyo inapobadilika. Nilichukua la noho.st, nikafungua kwenye ruta milango 80 na 443, yaani namba ambazo wageni wa tovuti hupitia, nikaenda sehemu ya uchunguzi, nikakuta mistari myekundu ikisema kwamba milango hiyo haifikiki kutoka nje. Nilisakinisha mfumo upya mara mbili, na mara zote mbili mistari ilirudi vilevile. Nawasihi wengine wasipoteze siku zao kama nilivyopoteza zangu: uchunguzi huo ukisema mlango haufikiki, usiiguse seva kabla ya kuichunguza laini yako ya intaneti.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Niliandika kwenye karatasi namba mbili, moja juu ya nyingine: anwani ya nje inayoonyeshwa na ruta, iliyoanza na 100.72, na anwani ambayo tovuti za kupima huonyesha ukizifungua kutoka nyumbani. Hazikulingana. Anwani zote kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zimetengwa kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na wanafanya hivyo kwa sababu anwani za IPv4, yaani za mtindo huu wa namba nne, ambazo kwa dunia nzima ni takriban bilioni 4.3 tu, hazitoshi. Mteja aliye katika hali hiyo hata akifungua milango yote ya ruta yake, mgeni wa nje hatafika, kwa kuwa amezuiwa kabla ya kuifikia nyumba. Ilinibidi nimwombe mtoa huduma wangu anwani ya umma, nayo huilipia kila mwezi. Asiyeipata atalazimika kukodi VPN (njia ya siri inayoiunganisha seva na intaneti kupitia kompyuta ya mtu mwingine) yenye anwani yake maalumu ya umma.

Siku anwani hiyo ilipowashwa, mistari ya milango hiyo miwili iligeuka kijani, lakini jina lilikataa kufunguka pale pale sebuleni. Nilimpigia mdogo wangu. "Dada, huku imefunguka, naona daftari la mwezi wa tatu," akasema. Kumbe ruta nyingi haziwezi kumrudisha ndani mtu wa nyumbani anayepita kwa anwani ya nje. Ili uwe na hakika, zima Wi-Fi na ujaribu kwa bando la simu. Kwenye kompyuta ya nyumbani nililitatua kwa kuongeza mstari mmoja katika faili la hosts, unaolielekeza jina hilo kwenye namba ya ndani ya seva.

Cheti cha Let's Encrypt, huduma ya bure ya vyeti vinavyoaminika na vivinjari, niliomba baada ya hapo, nacho kilitoka mara moja. Kina uhai wa siku 90 na YunoHost hukihuisha chenyewe. Usikiombe wakati mistari bado ni myekundu, maana ombi likishindwa mara 5 ndani ya saa moja kwa jina lilelile, utazuiwa kwa muda.

Barua pepe sikuziendesha, kwa kuwa mlango 25 wa kutoka, ambao seva hutumia kupeleka barua, umefungwa kwenye laini yangu.

Kwa mwenye anwani ya umma, ninaupendekeza mfumo huu kwa moyo wote, na ninashauri kompyuta mpakato yenye betri nzima, kwa kuwa umeme ukikatika seva huendelea kuwaka; ruta nayo itafutiwe betri yake. Jumamosi iliyopita mama alisimama mwaloni na mteja aliyedai kwamba ameshalipa magunia manne, akafungua simu yake, akamwonyesha ukurasa wenyewe, pamoja na doa la maji pembeni.